Namna ya Kujaza Mkate Bila Kumwibia Mlaji

Kwanza kata shauri: unataka kupika au unataka kuhadaa watu? Njia zote mbili huanza na unga uleule wa ngano na huishia kwenye kitu cha kahawia kilichofumba mdomo, lakini katikati hapo zinaachana kabisa. Anayetaka kuhadaa hana haja na mwongozo huu. Asimame kwenye steji yoyote ya matatu saa moja asubuhi, atapata walimu: sambusa ya pembe tatu, pembe mbili zina hewa, ya tatu ina kitunguu na uzi mmoja wa karoti. Mwongozo huu ni wa mtu anayeona haya kumlisha mwenzake hewa.

Chakula cha kufungwa kina hatari ambayo vyakula vingine havina. Ugali unauona wote ukiwa mezani. Ndizi za kuchemsha unazihesabu. Nyama choma hukatwa mbele ya macho yako na kuwekwa kwenye mizani. Mkate uliojazwa unaulipia kabla hujauona tumbo, na ukishaung'ata huwezi kuurudisha. Kwa hiyo upishi wake wote, tangu kuchagua kabichi hadi kubana ukingo, ni suala la uaminifu.

Tunachotengeneza hapa ni mikate midogo ya mviringo, inayokaa kiganjani, yenye nyama ya kusaga na kabichi ndani, iliyookwa. Haikaangwi. Ndugu zake ni wengi. Mombasa wana mkate wa mayai, unga mwembamba unaokunjwa juu ya nyama ya kusaga na yai; Zanzibar, jioni pale Forodhani, wana piza yao inayofungwa kwa namna hiyohiyo. Mbali zaidi, Wajerumani waliokuwa wakiishi kandokando ya mto Volga huko Urusi walipohamia Kansas na Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1870, walikwenda na mikate yao ya nyama na kabichi. Hadi leo inaliwa huko kwa majina ya bierock na runza, na mwaka 1949 mkahawa wa kwanza wa Runza ulifunguliwa mjini Lincoln, Nebraska. Mikate hiyo ilikuwa chakula cha wakulima, cha kubeba kwenda shambani.

Na kwetu Gusii, magharibi mwa Kenya, ni nchi ya shamba. Mchuma chai wa Kebirigo au Nyankoba hutoka nyumbani umande haujakauka, kikapu mgongoni, na mikono yote miwili ina kazi. Hawezi kutembea na sahani ya ugali na mboga. Akiwa na mikate miwili ya kujazwa iliyofungwa kwenye jani la mgomba, amebeba wanga, nyama na mboga pamoja, na atakula kwa mkono mmoja huku akingoja zamu ya kupimiwa majani kwenye kituo cha kununulia chai. Mwanafunzi wa shule ya kutwa vilevile. Vilevile fundi aliye juu ya paa huko Suneka.

Si kila mkate unaoiweza kazi hiyo. Juni 2024, serikali ya Kenya ilipotaka kuutoza mkate kodi ya VAT ya asilimia 16 kupitia Mswada wa Fedha, nchi nzima ilipaza sauti na kifungu hicho kikaondolewa hata kabla mswada wenyewe haujatupwa. Ghadhabu ile ilikuwa halali. Ila mkate tuliokuwa tukiutetea ni ule wa vipande vyeupe, gramu 400, ambao ukiuminya unabaki ngumi. Unga wa ngano uliobaki kwenye kabati baada ya chapati za Jumapili unaweza kufanya kazi kubwa kuliko mkate huo, na vitu vingine vyote viko karibu: maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, kitunguu, kabichi, na mgomba nyuma ya jikoni.

Tuanze na kabichi, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa. Wapishi wengi huitumia kama pazia la kuficha nyama iliyokosekana, na walaji nao wameshazoea kuiona hivyo; wakikuta kabichi ndani ya mkate wanajua wameibiwa. Hiyo ni dhuluma kwa mboga isiyo na kosa. Kabichi iliyokaangwa vizuri ina utamu ambao nyama peke yake haina, na inaifanya nyama isiwe kavu na nzito mdomoni. Iweke kwa ajili ya ladha yake. Ukiiweka ili kupunguza gharama, mlaji atajua kabla hajafika katikati.

Nenda kaichague mwenyewe. Daraja Mbili pale Kisii mjini soko kubwa ni Jumatatu na Alhamisi. Wa Nyamira anaweza kwenda Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimegawana na zimekuwa zikiuvutania. Ukifika, usidanganyike na ukubwa.

"Mama, na hii kubwa je?"

"Hiyo ni ya sufuria ya shule, kastama. Wewe chukua hii ndogo. Ishike kwanza."

Msikilize. Hiyo ndogo ni nzito kuliko inavyoonekana, majani yamefungana, ukiiminya haibonyei na kisu kikiingia kinatoa mlio. Kubwa iliyolegea ina nafasi tele kati ya jani na jani, na wewe umekwisha kuapa kwamba hununui wala huuzi nafasi.

Sasa adui: maji. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za kabichi ni maji, na maji hayo yasipotolewa kabla, yatatoka ndani ya mkate ukiwa motoni. Chini ya mkate patalowa, unga wa ndani utabaki mbichi, na ukingo utafumuka. Chukua kabichi ya kilo moja, toa kigogo, katakata nyembamba sana, nyembamba kuliko ya kachumbari. Nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ichanganye kwa mikono, kisha iache nusu saa. Ukirudi utaikuta imelegea na imeshuka ndani ya bakuli. Iweke kwenye kitambaa safi, shika ncha nne, sokota. Maji ya kijani hafifu yatatiririka, mengi kuliko ulivyotarajia. Sokota tena. Usikome mpaka kitambaa kiwe kinatoa tone moja moja. Usiyamwage maji hayo. Yafaa kwenye mchuzi wa jioni, mradi ukumbuke kwamba yana chumvi tayari.

Kuna watakaouliza kwa nini tusitumie chinsaga, mboga ya nyumbani, mboga ya heshima, ambayo mama aliyejifungua Gusii hupikiwa kabla ya nyingine zote. Sababu ni kwamba chinsaga ina uchungu wake mzuri, na inataka muda mrefu kwenye sufuria pamoja na maziwa, kisha obokima, ugali wa wimbi, pembeni. Iache pale. Ukiibana ndani ya unga wa ngano unaharibu vyote viwili.

Nyama. Kwa kilo moja ya unga weka gramu 700 za nyama ya ng'ombe. Nasema 700. Mwenye gramu 200 apike mikate michache, asiinyooshe nyama hiyo kwenye kilo nzima ya unga na kuziba mapengo kwa kabichi. Mwambie muuza nyama akukatie ya shingo au ya bega, yenye mafuta kidogo, na aisage ukiwa umesimama hapo. Nyumbani iweke kwenye karai lenye moto bila mafuta. Itatoa maji, itaanza kutokota. Usiondoke, igeuze tu. Maji yakishakauka sauti inabadilika, mtokoto unaisha na nyama inaanza kuchachatika katika mafuta yake yenyewe. Wengi huepua kabla ya sauti hiyo, ndiyo maana nyama yao ni ya kijivu na haina harufu. Ngoja iwe kahawia.

Hapo tia vitunguu vitatu vilivyokatwa vidogo, punje sita za kitunguu saumu, tangawizi iliyopondwa, kijiko cha chai cha pilipili manga na bizari nyembamba kidogo. Vitunguu vikilainika, tia kabichi iliyosokotwa, ongeza moto, geuza haraka kwa dakika tano au sita. Onja kabla ya kuongeza chumvi, maana kabichi imekuja na yake. Nyunyiza kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano, koroga. Huo ndio utakaoshika unyevu uliobaki. Malizia kwa dhania. Ule unga wa mchuzi wa pakiti uweke mbali: una chumvi nyingi, na jikoni unakotawala, nyama, maharagwe na kabichi vyote vimeishia kuwa na ladha moja.

Kisha acha vipoe kabisa. Nyama ya moto huyeyusha mafuta yaliyo ndani ya unga, hutoa mvuke unaolowesha, na huua hamira pale inapogusa. Mwenye haraka asubiri kama wengine.

Unga wa kukanda ni rahisi. Kilo moja ya unga wa ngano, na ushauri wangu ni utoe gramu 100 uweke gramu 100 za unga wa wimbi mahali pake. Mkate utapata rangi na harufu ambayo mtu wa Gusii ataitambua macho yamefungwa. Usizidishe. Wimbi halina ule mvutano wa ngano unaoshika hewa, na ukiliongeza mkate unakatika badala ya kuvutika. Weka vijiko viwili vya chai vya chumvi, vijiko vinne vya chakula vya sukari, gramu 60 za siagi, na gramu 10 za hamira kavu. Maziwa yawe yamechemshwa kisha yakapoa hadi kidole kinaweza kukaa ndani bila kuungua. Anza na mililita 550, ongeza kidogokidogo ukiona unga bado mkavu. Angalia tarehe kwenye pakiti ya hamira. Kama imekaa sana dukani, itie kwenye maziwa hayo ya vuguvugu na sukari kidogo. Baada ya dakika kumi isipotoa povu, itupe hapohapo. Huruma kwa hamira mfu imeharibu mikate mingi.

Kanda dakika kumi kamili, kwa kisigino cha kiganja, ukisukuma mbele na kukunja. Unga ukiwa tayari, ukiubonyeza kwa kidole shimo linajaa lenyewe.

Halafu ni suala la hewa ya milimani. Kisii mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Msukumo wa hewa ukipungua unga unaweza kuumuka upesi. Baridi nayo inauchelewesha. Kwa hiyo mapishi ya Mombasa yanayosema "acha saa moja" yasikutawale. Siku ya mvua huko Manga au Kiabonyoru saa moja haitoshi, na mchana wa jua kule Suneka huenda ikazidi. Tazama unga wenyewe: ukifika mara mbili ya ulivyokuwa, umefika. Ufunike kwa jani la mgomba, uweke karibu na jiko. Na kwa kuwa tumetaja jiko na baridi, nasema hili kwa uzito wote: jiko la makaa lisikae katika chumba kilichofungwa madirisha, kwa ajili ya unga wala kwa ajili ya kuota moto. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

Gawa unga vidonge 16, karibu gramu 100 kila kimoja. Sukuma kila kimoja kiwe duara la upana wa kiganja chenye vidole vilivyonyooshwa, na hapa kuna siri inayotenganisha mikono: katikati paachwe panene, kingo ziwe nyembamba. Kingo ndizo zitakazokusanyika pamoja, zikiwa nene utapata donge la unga mbichi chini. Weka vijiko viwili vya kulia vilivyojaa vya nyama na kabichi. Vijae kweli. Usiruhusu mafuta kugusa ukingo, kwa kuwa unga wenye mafuta haushikani, hata ukiubembeleza. Shika ukingo wa mbele na wa nyuma ukutane juu, bana. Shika wa kulia na wa kushoto, bana. Kisha pembe zilizobaki. Zungusha mshono kwa vidole, ugeuze mkate, mshono uwe chini. Ndani pasiwe na pengo. Bonyeza juu taratibu kwa kiganja: ukihisi hewa inatembea, fungua ujaze upya.

Jani la mgomba ndilo litakalolaza mikate yako. Kata kipande, toa mshipa wa katikati, kipitishe juu ya moto polepole. Kwanza ni kigumu na kina vumbi jeupe. Kikipata joto kinageuka kijani kilichokolea, kinang'aa kana kwamba kimepakwa mafuta, na kinalainika. Kiweke sufuriani, panga mikate juu yake ukiacha nafasi ya vidole viwili, iumuke tena dakika ishirini. Jani linazuia mkate kushika chini na kuungua, na linaacha harufu ambayo hakuna karatasi ya dukani inayoiweza.

Asiye na oveni asiseme hana oveni. Chukua sufuria kubwa yenye kuta nene, mwaga mchanga mkavu na safi wa unene wa vidole viwili, funika, weka kwenye jiko la makaa robo saa. Sufuria ndogo yenye mikate iingie ndani yake. Funika kwa mfuniko usio na mpini wa plastiki, na juu ya mfuniko panga makaa yaliyoshika. Moto wa juu uwe mwingi kidogo kuliko wa chini. Wa chini tayari unasaidiwa na mchanga. Usifunue kila mara kuchungulia, kila ukifunua unafukuza joto. Dakika 30 hadi 35 zinatosha. Mwenye oveni aweke nyuzi 190 za Selsiasi kwa dakika 22 hadi 25, na hao ni pamoja na ndugu zetu walioko Minnesota, Marekani, ambako watu wa Gusii ni wengi. Jani la mgomba huko hupatikana likiwa limegandishwa, katika maduka ya vyakula vya Asia. Mkate ulioiva ukiugonga chini kwa kidole unatoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani, ingawa wewe unajua hakiko wazi. Upake siagi kidogo juu ungali moto, ufunike kwa kitambaa ulainike.

Kula na chai ya maziwa iliyopikwa kwa majani ya milima ya Gusii. Mpe magokoro, yaani nyanya yako, mkate wa kwanza kutoka sufuriani, umkatie katikati ili aone kilichomo. Hiyo ni heshima yake, na pia ni mtihani wako, kwa kuwa wazee hawasifii hewa. Iliyobaki ibebe kesho yake asubuhi. Bila friji usiivushe zaidi ya hapo, ina nyama, na mchana wa Ogembo unatosha kuiharibu.

Ukitaka kuiuza, fanya hesabu hii kabla hujatangaza bei. Gramu 700 za nyama kwa mikate 16 ni karibu gramu 44 kila mkate, nyama ikiwa mbichi. Hicho ndicho kipimo. Bei ya nyama ikipanda, pandisha bei ya mkate na umwambie mteja ana kwa ana kwa nini, au punguza ukubwa wa mkate mzima, unga na vilivyomo kwa pamoja, aone kwa macho yake kwamba umepungua. Kupunguza nyama na kuacha umbo vilevile ni wizi, na mteja wa Keroka akishaibiwa mara moja harudi.